Sahihi mbili, mtu mmoja

Simu ilinikuta Kimara natoka kununua chapati, mwenyekiti wa saccos anaongea kwa sauti ya chini kama yuko msibani, "kijana, mfumo wako umedukuliwa." Miguu ililegea aisee, mana ule mfumo wa kuidhinisha mikopo niliuandika mwenyewe miezi minne na ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kulipwa hela ya maana. Chapati nikamwachia mtoto wa jirani, nikadandia mwendokasi.

Saccos sitaitaja na mtaa naruka, ila ni hapa hapa Dar, ofisi ya vyumba viwili na wafanyakazi watatu: meneja, mhasibu na keshia. Nimefika nakuta kamati ya usimamizi imekaa, mezani karatasi moja tu iliyoprintiwa. Mkopo wa milioni 8, tarehe 27 Desemba. Kwenye safu ya sahihi ya mhasibu kuna jina la mhasibu, saa 4 na dakika 14 asubuhi. Kwenye safu ya sahihi ya meneja kuna jina la mhasibu yule yule, saa 4 na dakika 16. Dakika mbili. Na masharti ya saccos yanasema mkopo unaozidi milioni 3 lazima upite kwa wawili.

Mhasibu mwenyewe kakaa kwenye kona, mama mtu mzima. Nikamwamkia "shikamoo mama", akajibu marahaba huku anaangalia dirishani.

Sasa ngoja niseme mapema ili msisubiri filamu: hakuna aliyedukua kitu na hakuna aliyeiba. Mwombaji alikuwa mwanachama halali anataka kulipa ada za watoto Januari na hela nyingine amalizie bati, na mpaka leo analipa vizuri. Kilichotokea ni kwamba meneja alienda Moshi Krismasi kama wenzie wote wanavyofanya, kabla ya kuondoka akaandika barua ya kumkaimisha mhasibu, af akaingia kwenye mfumo akamwongezea mama cheo cha meneja. Kumwongezea, siyo kumbadilishia. Mama akabaki na vyeo viwili, mkopo ukaja, akabonyeza kama mhasibu, mfumo ukamwambia bado sahihi ya meneja, akabonyeza kama meneja, mfumo ukasema hongera. Kwa upande wake yeye alifuata barua. Na mfumo nao ulifanya kile nilichouandikia, hicho ndo kilichoniuma.

Nilirudi nyumbani nikafungua masharti yao nikasoma upya ile sentensi niliyoigeuza kuwa programu: "Mkopo unaozidi shilingi milioni 3 utaidhinishwa na meneja na mhasibu." Iangalie vizuri. Kuna "na" mbili na hazifanyi kazi moja, ya kwanza inasema nani anafanya, ya pili inaunganisha. Mimi kwenye programu ile ya pili niliitafsiri hivi:

kuna x ambaye ni meneja na x kaidhinisha, NA kuna y ambaye ni mhasibu na y kaidhinisha.

Ukiisoma haraka unaona iko sawa kabisa. Wakati huo nilikuwa na kama nusu mwaka najisomea mantiki usiku usiku, ile rasmi ya alama, nilianza kwa sababu jamaa mmoja wa Chuo Kikuu, Mlimani, aliniambia ukitaka kuelewa usalama wa kompyuta usianze na vifaa vya kuvunjia, anza na "kama" na "basi". Miezi ya mwanzo nilimlaani. Majedwali ya kweli na uongo, mistari minne, mistari minane, unajaza kama mtoto wa darasa la tatu, nikawa najiuliza hii inahusiana nini na wezi wa paswedi. Ila nilikuwa nimeshafika kwenye "kuna" na "kila", na kitabu kilikuwa kimesema jambo ambalo nilipita nalo bila kulishika: x na y ni herufi mbili tofauti lakini hakuna aliyekuambia ni watu wawili tofauti. Ukitaka wawe tofauti lazima ukae chini uandike x si y. Usipoandika, mmoja anatosha kujaza nafasi zote mbili na sentensi inabaki kweli tupu.

Yani ni bajaji. Daladala ina dereva na ina konda, ukichungulia unaona watu wawili. Bajaji ukiuliza kuna anayeendesha? Yupo. Kuna anayepokea nauli? Yupo. Yote kweli, na ni mtu mmoja. Mimi niliandika sharti la bajaji nikidhani naandika la daladala.

Swali ambalo mwenyekiti aliniuliza, na alikuwa na haki, ni "si ulisema uliutesti?" Nilitesti. Nilikuwa na testi arobaini na kitu na zote zilipita. Lakini kwenye testi zangu nilitengeneza watumiaji watatu wa uongo, mmoja meneja, mmoja mhasibu, mmoja keshia, kila mtu na cheo chake kimoja kama picha ya ukutani, kwa hiyo x na y walikuwa tofauti kwa bahati na siyo kwa sheria. Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alishasema zamani kwamba kutesti kunaweza kukuonyesha makosa yapo, hakuwezi kukuonyesha hayapo, nilikuwa naichukulia kama maneno ya maprofesa.

Af kulikuwa na aibu nyingine ndogo ambayo kamati hawakuiona nami sikuitaja siku ile. Nilikuwa nimeweka ukaguzi wa kila mwisho wa mwezi unaosema "kila mkopo mkubwa una sahihi mbili: NDIYO", kwa herufi za kijani, meneja aliupenda sana. Oktoba NDIYO, Novemba NDIYO. Nimekuja kuangalia, Oktoba na Novemba hakukuwa na mkopo hata mmoja uliozidi milioni 3. Sentensi ya "kila" ikikosa wa kumsemea inakuwa kweli, ni sawa na mimi kukuambia magari yangu yote ni Benz, hujanikuta na uongo kwa sababu sina hata baiskeli. Na Desemba? Desemba nayo ilisema NDIYO, mana nilikuwa nahesabu sahihi, sihesabu waliosaini.

Usiku ule ule nikafanya marekebisho ya hasira: akaunti moja isiweze kushika umeneja na uhasibu kwa pamoja. Nikataka kuwapigia kuwaambia imekwisha. Kilichonizuia ni woga tu, nilishasema "imekwisha" mara moja wakaniamini. Nikakumbuka kuna programu inaitwa Alloy, ilitengenezwa chuo cha MIT kule Marekani na kundi la Daniel Jackson, ya bure, unaandika kanuni zako kwa mantiki, af unaandika unachodai hakitatokea kamwe, yenyewe inakutafutia mfano wa kukuumbua. Haichukui mifano mitatu mitano kama mimi na watumiaji wangu wa uongo. Unaipa ukubwa, mfano watu wasiozidi watatu, mikopo isiyozidi mitatu, na ndani ya ukubwa huo inapitia uwezekano wote. Chini yake kuna injini ya kutatua maswali ya kweli na uongo, yale yale ya majedwali niliyoyalaani, tatizo ambalo mwanasayansi Cook alionyesha mwaka 1971 kwamba kwa ujumla ni gumu balaa lakini injini za siku hizi kwa kesi ndogo ndogo zinalimeza. Imani yao ni kwamba makosa mengi yakiwepo yanajionyesha hata kwenye mfano mdogo, na nikiangalia kisa changu siwezi kubisha, kosa langu lilihitaji mtu mmoja na mkopo mmoja.

Kwanza niliipa kanuni za zamani, zile za kabla ya Desemba, kuijaribu kama kweli ina macho. Nikadai: hakuna mkopo mkubwa unaopita kwa mkono wa mtu mmoja. Nikabonyeza. Haikuchukua hata sekunde, ikanichorea kisanduku kimoja kimeandikwa Mtu, kisanduku kimoja Mkopo, mishale miwili inatoka kwa Mtu kwenda kwa Mkopo, mmoja "kama meneja", mwingine "kama mhasibu". Ile karatasi ya mezani nzima imechorwa na mashine ambayo haijawahi kusikia habari za Moshi wala Krismasi. Nilikaa kimya naiangalia, feni inazunguka, nikafikiria zile testi arobaini.

Nikaingiza marekebisho yangu ya hasira, akaunti moja vyeo viwili marufuku. Ikakubali, haina mfano. Nikaanza kutabasamu, ila nikaongeza na muda, kwa sababu vyeo vinabadilika, na hapo ikanipiga tena. Jumatatu mtu ni mhasibu, anaidhinisha. Jumanne anavuliwa uhasibu anapewa umeneja, anaidhinisha tena ule ule mkopo. Hakuna sekunde hata moja aliyoshika vyeo viwili, na mkopo umepita kwa mkono mmoja. Unaweza kusema nani atafanya hivyo, lakini hebu fikiria, kama meneja angembadilishia mama cheo badala ya kumwongezea ndo ingekuwa hivyo hivyo, na angekuwa amefuata utaratibu wangu mpya kwa uaminifu wote.

Kumbe nilikuwa nalinda mlango usiohusika. Nilikuwa napambana na vyeo wakati sharti lenyewe ni la mkopo na historia yake. Nikaandika upya: kwenye kila mkopo mkubwa kuna x na kuna y, x aliidhinisha akiwa meneja, y aliidhinisha akiwa mhasibu, na x si y. Vyeo vizunguke vitakavyo. Halafu nikaongeza kwamba wala x wala y asiwe mwombaji, kwa sababu mfano uliofuata Alloy alinionyesha meneja anajiidhinishia mkopo wake mwenyewe, jambo ambalo masharti ya saccos yalikataza ukurasa wa mbele zaidi na mimi sikulisoma.

Wazo lenyewe la kugawa kazi siyo jipya hata kidogo. Saltzer na Schroeder, wanasayansi wa kompyuta, waliliandika mwaka 1975, kwamba kufuli la funguo mbili walizoshika watu wawili ni imara kuliko la funguo moja, na mwaka 1987 Clark na Wilson wakaja kusema biashara haiogopi sana siri kuvuja kama jeshi linavyoogopa, inaogopa vitabu kuchezewa, na kugawa majukumu ndo moja ya dawa zake. Huyo Schroeder ndo yule yule ambaye mwaka 1978 yeye na mwenzake Needham walitoa utaratibu wa kompyuta mbili kutambuana kwa ujumbe wa siri, na kisa chake kilinipa nguvu ya kurudi mbele ya kamati bila kujiona mjinga peke yangu. Mwaka 1989 Burrows, Abadi na Needham mwenyewe wakatunga mantiki maalumu ya kuchambua taratibu kama hizo, ule utaratibu wa 1978 ukapitishwa humo, tundu halikuonekana. Mwaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha kwamba mtu mbaya unayeongea naye kwa hiari yako anaweza kuchukua mazungumzo yenu akaenda kwa mwingine akajifanya ndo wewe, na mwaka uliofuata akalionyesha kwa mashine ya kupitia uwezekano wote, ndugu wa hii yangu. Toka 1978 mpaka 1995, miaka 17. Dawa yake? Kwenye ujumbe wa pili anayejibu aweke jina lake. Basi, jina tu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, mana na langu lilikuwa hilo hilo, programu iliuliza sahihi zipo ngapi haikuuliza ni za nani.

Wakati naandika haya yote likaibuka lingine dogo la Kiswahili ambalo lazima nilitaje. Keshia alikuwa akilalamika kwamba kuna mikopo "inapotea" kwenye orodha ya inayosubiri. Orodha ile waliniagiza wenyewe, imeandikwa "mikopo ambayo wote hawajaidhinisha". Wote hawajaidhinisha, maana yake nini? Mimi nilielewa hakuna hata mmoja aliyeidhinisha. Keshia alimaanisha siyo wote walioidhinisha, yani mmoja kashapiga sahihi mwingine bado. Kwa hiyo mkopo ukipata sahihi ya kwanza ulikuwa unatoweka kwenye orodha yangu unaenda kukaa gizani mpaka mtu aukumbuke. Kwenye alama ni sehemu tu ya kuweka "si", kabla ya "kila" au baada yake, huwezi kuchanganya hata ukiwa na usingizi, lakini kwa mdomo tunasema vile vile kila siku na tunaelewana kwa sababu tunaangaliana usoni. Kompyuta haina uso wa kuangalia. Kama nina ushauri mmoja kwa mtu anayeandika mifumo ya watu wetu ni kuwauliza mara tatu kwenye "wote" na "si", watakuona msumbufu, wakuone tu.

Kikao cha pili nilienda na laptopu. Nikawaonyesha ule mchoro wa kisanduku na mishale miwili, mzee mmoja wa kamati akauliza huyu Mtu ndo nani, nikamwambia ni mtu yeyote mzee, hata wewe. Hakufurahi. Ila mama mhasibu ndo aliyeuliza swali la maana kuliko yote, na mpaka leo nalisimulia. "Mwanangu, sasa meneja akiumwa wiki mbili, mimi nikaimu, nani ataweka sahihi ya pili? Watu wafe njaa?"

Nilikuwa sijaliwaza kabisa. Nilikuwa nimehakikisha baya halitokei na sikuangalia kama jema linaweza kutokea. Mfumo salama kuliko yote duniani ni ule usiopitisha mkopo wowote. Lamport, mwanasayansi mwingine wa kompyuta, alizitenganisha hizo mbili mwaka 1977, usalama upande mmoja, upande mwingine uhai, kwamba kinachotakiwa kitokee mwisho wa siku kitokee, nilishazisoma na nilijibu mtihani wa mwisho wa sura nikapata zote. Nikafungua Alloy pale pale mezani, nikaiambia nionyeshe hali moja tu ambapo meneja hayupo na mkopo mkubwa umepita kihalali. Ikatafuta, ikajibu hakuna. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza toka kisa kianze.

Tukakubaliana mwenyekiti wa kamati ya mikopo aingizwe kama sahihi ya akiba pale mmoja anapokaimu. Kamati wakaandika kwenye muhtasari, na safari hii sentensi niliandika mimi, "watu wawili tofauti" kwa herufi nene, wino wa bluu. Nikarudisha kwenye Alloy, baya halina mfano, jema linao. Nikakumbuka na akaunti ya meneja wa zamani aliyestaafu, ilikuwa bado hai na paswedi yake imebandikwa chini ya kibodi, kwa hiyo x si y ingepita vizuri kabisa kwa akaunti mbili na mtu mmoja. Hiyo haikuhitaji mashine, nilihitaji kuinua kibodi. Nikaifuta, na sasa akaunti inafunguliwa kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, namba moja akaunti moja.

Ila hapo ndo ukuta ulipo na sitaki kuwadanganya. Nilichothibitisha ni habari za akaunti, na akaunti siyo mtu. Wakubwa nao hugonga ukuta huu huu: ule utaratibu wa WPA2 wa kulinda mawasiliano ya Wi-Fi ulikuwa na uthibitisho rasmi wa mahesabu, na mwaka 2017 Mathy Vanhoef akauvunja kwa kuifanya simu iweke upya ufunguo ambao ilishauweka. Uthibitisho haukuwa na kosa, haukuwahi kuzungumzia ufunguo kuwekwa mara ya pili. Hata wale wa seL4 waliothibitisha kiini cha mfumo wa kompyuta mwaka 2009, mistari kama 8,700 ya programu kwa mistari kama 200,000 ya uthibitisho, wanakuandikia wazi ni mambo gani wameyachukulia kuwa kweli. Mimi nami niliwaandikia kamati karatasi, namba moja: tumechukulia kwamba kila mtu anatunza paswedi yake mwenyewe. Wakagonga muhuri.

Mkopo mkubwa wa kwanza baada ya mabadiliko ulikuja siku ya Alhamisi, milioni 5, meneja yuko kwenye semina Dodoma. Nilikuwepo ofisini nasubiri salio la hela yangu. Mama akabonyeza sahihi yake, kitufe cha pili kikawa kijivu, akatikisa kichwa kama anayeridhika, akampigia mwenyekiti wa kamati ya mikopo ambaye ana duka la vyombo Kariakoo. Simu aliiweka spika. Tunasikia kelele za wateja, sufuria zinagongana, mzee anasema ana mzigo unashushwa hawezi kutoka, af akashusha sauti, "mwanangu si nikutumie tu paswedi yangu kwenye WhatsApp ubonyeze?"

Mama akanitazama, mimi nikaitazama ile karatasi yenye muhuri ukutani.

"Hapana mzee," akasema, "mwachie kijana duka, panda bodaboda uje. Nauli tutakurudishia."

Alifika saa 8 na nusu, kajaa vumbi, analalamika tangu mlangoni.